Mkono Nisioruhusiwa Kuugusa

Kila wanapokuja vijana wa mazoezi ya vitendo, wakishanisalimia na kunywa chai, swali lao ni moja. "Babu, kwenye hizi masaji za limfu, staili ipi ndiyo kiboko?" Mmoja alinionyesha kwenye simu yake binti wa mjini amelala kitandani, jamaa anampitishia gogo tumboni kama anasukuma chapati, na chini wameandika kwamba maji ya limfu yanatoka na kitambi kinaisha. Nikamwambia, mwanangu, hapo kinachotoka ni jasho la huyo anayesukuma.

Sasa nawajibu wote kwa pamoja, na kama mna haraka nendeni, nitaongea na kuku. Nimestaafu. Mgongo wangu umekataa kabisa kuinamia vitanda. Lakini nilifanya fiziotherapia kwenye hospitali moja ya misheni hapa Rungwe mpaka mvi zikaota, na kazi yangu kubwa ilikuwa miguu ya matende na mikono ya akina mama waliopasuliwa titi. Hiyo ndiyo limfu yenyewe, si kitambi.

Mnajua darasani, ila niwakumbushe. Kuna maji yanatembea chini tu ya ngozi, yanapita kwenye matezi ya shingoni, ya kwapani na ya kinena, halafu yanarudi kwenye damu. Daktari akilazimika kuyatoa matezi ya kwapani kwa sababu ya saratani, maji ya mkono ule yanakosa pa kupitia. Yanatuama, mkono unavimba. Ukiwahiwa unanywea. Ukiachwa, ngozi inakakamaa, mkono unakuwa mzigo wa kubeba badala ya kitu cha kubebea, na hapo hata mimi na ujuzi wangu wote naanza kukwepa macho ya mgonjwa.

Aliyenifundisha ni Sista Konsolata, mtu mfupi, mkali, hapendi mwanafunzi anayevaa saa wodini. Nilifika kwake na mikono ya kubebea mikungu ya ndizi. Mgonjwa wa kwanza nilimsukuma mguu kwa bidii zote, nikijua Sista atanisifu. Akaniuliza, "Unasukuma toroli?" Kisha akachukua kidole changu akakiweka juu ya kope langu mwenyewe, jicho limefungwa. "Bonyeza hapo. Ukiona nyota, umezidisha. Kiasi kile kisichouma ndicho unachoruhusiwa kwa mgonjwa." Fanyeni hivyo leo mkifika nyumbani, mtaelewa kuliko kusoma kurasa nyingi.

Staili ya Sista ilikuwa hiyo: laini, bila mafuta, maana mafuta yanafanya mkono uteleze na wewe unataka ngozi yenyewe isogee. Na haanzii penye uvimbe. Anaanzia shingoni, juu ya mtulinga, anakwenda kwapa zima la upande wa pili, kifuani, ndipo anaukaribia mkono mgonjwa, tena kuanzia begani. Kila maji anayasukuma kuelekea mwilini. Mgonjwa akizoea anasinzia. Ndugu waliomsindikiza wananung'unika kwamba wameleta mtu atibiwe, sisi tunambembeleza.

Baadaye nilipelekwa semina Mbeya. Mwalimu wa kule alikuwa na staili nyingine, mkono mzito kidogo, anakikunja kiganja kama mtu anayechota unga na kuupandisha. Alikuwa na dawa ya ile miguu iliyokakamaa mpaka inafanana na gome la mti. Anaikanda pale palipo pagumu, kisha anaifunga bendeji safu kwa safu kuanzia vidoleni kwenda juu. Nilimwona akilainisha miguu niliyokuwa nimeikatia tamaa. Niliporudi na kumsimulia Sista, akamwita fundi chapati, na kwa wiki nzima akawa hataki kusikia habari za Mbeya. Lakini nilimkamata siku moja anajaribu kuchota vile vile kwenye mguu wa mzee mmoja, akidhani sipo.

Kuna na mashine, mfuko unaojazwa upepo. Nzuri, umeme ukiwepo.

Mimi nilitumia zote mbili za mikono. Uamuzi wangu ulikuwa kwenye dole gumba: bonyeza uvimbe, hesabu polepole, ondoa. Kikibaki kishimo, bado ni maji, tumia ulaini wa Sista. Kisipobaki, pameshakakamaa, mfikirie yule wa Mbeya. Na mkono ukiwa mwekundu, wa moto, mgonjwa anatetemeka kwa homa, usichue kwa staili yoyote duniani, mpeleke kwa daktari apewe dawa. Ukivimba ghafla na maumivu makali, hivyo hivyo. Hapo niliamini nimemaliza masomo.

Halafu mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Atupele.

Faili liliandikwa Atupele, wa Lufingo, amepasuliwa titi la kushoto, saratani daktari ameridhika imetoka, ila mkono wa kushoto unavimba. Nikaita jina. Akaingia mama kijana, mchuma chai, mkono ameubeba kwenye khanga kama kitu si chake. Nikasema karibu mama, kaa hapa, pole na safari. Aliposikia sauti yangu akaganda. Akageukia ukuta, hakunijibu, akatoka kwa mlango wa nyuma unaokwenda kwenye kamba za kuanikia mashuka.

Nilidhani anaogopa kuvua blauzi mbele ya mwanaume, wako wengi. Nikamtuma nesi Subilaga amfuate. Alirudi amejishika kiuno. "Baba, unamfukuza mkwe wako halafu unanituma mimi nimrudishe? Huyo ni mke wa Lugano wa kaka yako Anyitike."

Kwa mliotoka mbali niwaeleze: kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, na baba mkwe hamtazami yeye. Wakikutana njiani mmoja anachepuka. Hawashikani, hawaongei uso kwa uso. Na baba mkwe si mzazi wa mume peke yake, hata ndugu zake wa kiume ni baba wakwe. Ndiyo maana sikumjua sura. Kila nilipokwenda kwa kaka, yeye alikuwa upande mwingine wa nyumba. Alinijua kwa sauti, maana sauti yangu na ya kaka ni moja. Vijana wengi mmeshaacha, mnapiga selfi na wakwe zenu, mimi siwasemi. Lakini Atupele alikuwa mtu wa kuishika heshima hiyo kwa moyo wote.

"Basi mwambie sheria za hospitali si za kijijini," nilimwambia Subilaga.

"Nimemwambia. Anasema mkono uoze, ila wewe hutamshika."

Jamani, niliumia. Katika eneo lote hili mtu wa kazi hiyo nilikuwa mimi peke yangu, Sista alishahamishwa. Mbeya wapo, lakini masaji ile ni ya kila siku, na kila siku kushuka na kupanda na mkono ule haiwezekani. Mumewe Lugano yuko Chunya machimboni. Subilaga ana wodi nzima shingoni mwake. Na kila siku inayopita maji yale yanageuka kuwa ugumu. Mkono wa mchuma chai, tena mama wa watoto wadogo, unakakamaa kwa sababu mimi nimezaliwa tumbo moja na Anyitike.

Nilikwenda Lufingo kwa kaka. Nilimkuta anapogolea migomba. Nikamwambia, kaka, ongea na mkwe, mwondolee hiyo miiko, ni ugonjwa. Anyitike ni mzee wa kanisa, si mtu wa mizimu, nilitegemea atakubali. Akafuta panga kwenye jani.

"Mimi ningemwondolea hata leo," alisema. "Lakini heshima anayonipa si mali yangu nikaigawe. Ni yake. Nikimwamrisha akae uchi mbele ya mdogo wangu, nitakuwa nimemponya mkono nimemvunja yeye."

Tukakaa tunatazama migomba. Hapo shemeji yangu Tupokigwe, mke wa kaka, akatoka jikoni na ndizi za kuchemsha, akasema, "Mnamlilia nini? Mikono si hii hapa."

Shemeji Tupokigwe anajulikana Lufingo nzima kwa kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua anaitwa yeye, na maji yake ya moto na majani yake ya mgomba. Ana mikono inayoweza kumkamua ng'ombe asiyetaka. Na mama mkwe na mkwe hawana mwiko wowote. Moyo wangu uliruka, kisha ukashuka, kwa sababu nilijua mikono ile ikikutana na ngozi iliyojaa maji itakuwa nini.

Kabla ya kuchagua staili ilibidi nijue mkono ukoje, na siruhusiwi kuuona. Basi Atupele akakaa chumba cha ndani, khanga imetundikwa mlangoni, mimi nimekaa barazani nimewapa mgongo, natazama uani. Nikamwambia shemeji abonyeze kwa dole gumba, nikahesabu kwa sauti, nikasema ondoa.

"Kuna nini?"

"Kuna ngozi."

"Shemeji, kuna kishimo au hakuna?"

"Kipo. Kirefu, maharage yanakaa." Nikashusha pumzi. Bado ni maji. Begani je? Kipo. Karibu na kiwiko? Kipo, ila kidogo, kinarudi haraka. Hapo nikajua hatuna muda wa kuchezea.

Sasa vijana wangu, chagueni. Staili ya Mbeya shemeji angeijua siku hiyo hiyo, ni jirani na kazi yake. Lakini mkono ulikuwa bado laini, na kwake yeye "nzito kidogo" haipo. Ya Sista ndiyo iliyofaa, na ndiyo ambayo mikono yake ilikuwa haijawahi kuifanya tangu azaliwe. Nikachagua ya Sista, nikiwa na wasiwasi.

Kumfundisha nilijitoa mimi mwenyewe, maana kwa shemeji utani umeruhusiwa. Nilikaa kwenye kigoda, akanishika shingo. Nikamwambia hivyo siyo, unanitafutia shingo ya kuchinja. Nikamwambia ajaribu kwenye kope, akasema halisikii, macho yake yamezoea moshi. Ndipo nikachukua ndizi mbivu, ile laini ya kula, nikamwambia aichue kwa staili ile ile, aiweke dirishani, kesho tuitazame. Kesho yake ilikuwa nyeusi tii. Akachua nyingine. Nyeusi. Watoto walikula ndizi zilizopondeka mpaka wakachoka. Siku aliyonitumia mjumbe kwamba ndizi imelala na imeamka njano, niliondoka hospitali kabla ya muda.

Walianza. Kila siku shemeji anachua, shingo, kwapa zima, kifua, bega, kushuka, huku akiyapandisha maji, halafu anafunga bendeji. Vipimo nilivipata kwa uzi. Anauzungusha mkononi, anafunga fundo pale unapokutana, ananiletea barazani. Subilaga akapita siku ya mapumziko yake akaikagua ngozi, akasema safi, haina wekundu. Fundo likaanza kusogea taratibu, maana yake mkono unanywea. Nikaanza kulala vizuri.

Kisha fundo likarudi nyuma. Wiki moja tu, mkono umekuwa mnene kuliko tulipoanza. Nilisimama barazani nikaupima tena ule uzi. Nikamuuliza shemeji amefanya nini. Akakataa, kisha akasema, "Nilimwongezea kidogo tu. Maji ya moto na majani. Jioni."

Nilimfokea. Niliongea maneno mengi ya hospitali, joto linaleta maji zaidi, kukanda kunaviponda vile vijia vya limfu, nimekwambia mara ngapi. Akasimama ananitazama, machozi yanamtoka, mwanamke ambaye sijawahi kumwona analia hata msibani.

"Wewe unajua mikono yako," alisema. "Mimi mtu nikimpenda namkanda. Huyu ananiangalia kila siku namgusa kama ninayemwogopa. Atasema mama mkwe ananiona nina uchafu."

Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya khanga, ndogo, haisemi na mimi, inasema na mama mkwe wake. Sikuwahi kuisikia kabla.

"Mama, waambie wasikugombeze. Maji ya moto niliyaomba mimi. Nilikuona unahuzunika."

Kuku akapita. Mimi niliyekuwa nimejaa hasira nikaona aibu, lakini pia, niwaambie ukweli, nikafarijika, kwa sababu nilielewa tatizo si mikono ya shemeji. Hao wawili walikuwa wanapendana wakaogopa kukosana, na mimi nilikuwa nimewafundisha masaji nikasahau kuwa wako wawili ndani ya chumba.

Nikabadilisha. Iko staili ya tatu ambayo darasani hatuipi heshima, ya mgonjwa kujichua mwenyewe. Anavuta pumzi ndefu tumboni, anaanza na shingo yake, anakwenda kwapa lake zima. Peke yake haitoshi kwa mkono kama ule, mgongoni hafiki na bendeji hawezi. Basi nikaviunganisha. Nikamwambia shemeji, kwa sauti ya kutosha kusikika ndani, kwamba kuanzia sasa mkono wako unalala juu ya mgonjwa, na mkono wake mzima unalala juu ya wako. Yeye ndiye anayesukuma. Wewe umebebwa tu. Akitaka polepole ni polepole, na ukitaka kuongeza lazima akukubalie, naye hakubali.

"Na kumkanda nimkande wapi?" shemeji aliuliza, bado amenuna.

"Miguu. Miguu yake haijapasuliwa. Mkande miguu mpaka aimbe."

Kutoka ndani nikasikia kicheko kimebanwa kwenye khanga. Shemeji akaniangalia, akasema, "Ndaga," asante ya kwetu, akaingia ndani. Nami nikachukua baiskeli yangu.

Staili hiyo ya mkono mmoja juu ya mwingine hamtaikuta kitabuni, na sisemi muifundishe. Nasema mkiulizwa ipi bora, kwanza uliza nani ataifanya wewe ukishaondoka, na huyo mtu anamwonaje mgonjwa. Baada ya hapo dole gumba lako litakusaidia.

Uzi ulianza tena kusogea, safari hii haukurudi. Nikastaafu katikati ya hayo, wakanipa keki na hotuba, na Subilaga akawa ndiye anayepokea nyuzi. Alikuwa ananiambia inaendelea vizuri, inaendelea vizuri, lakini nyie mnajua sisi watu wa hospitali tunavyosema inaendelea vizuri. Kuuliza zaidi nilishindwa. Sikuuona mkono ule siku zote hizo na sikutegemea kuuona.

Asubuhi moja mvua imekatika, nilikuwa nateremka Lufingo kwa kaka kwa njia inayokatiza kwenye chai. Mbele yangu mama mmoja anapanda na kikapu cha kuchumia. Aliponiona, sikuhitaji kuambiwa ni nani. Akaweka kikapu chini, akaingia kwenye mistari ya chai, akanipa mgongo. Kisha akashika khanga ya mabegani, ncha hii kwa mkono huu, ncha ile kwa mkono ule, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake akajifunika. Wa kushoto ulipanda sawa na wa kulia.

Nikageuza uso upande wa migomba, kama inavyonipasa, nikasimama hapo mpaka nikasikia nyayo zake zimepita. Halafu nikakaa chini kwenye majani mabichi, na suruali yangu nzuri, nikalia, mtu mzima mimi, kwa jinsi moyo ulivyonitua.

Nilifika kwa kaka nimelowa nyuma. Akaniuliza nimeanguka wapi. Nikamwambia sijaanguka, nimekutana na mkwe wetu njiani, amejificha vizuri kabisa.